Amin Iliyotoka Kwenye Spika

Mama aliletwa Pemba kwa sababu ya mguu, na mguu huo ndio ulionifanya niwe nabii kwa muda wa nusu saa hivi. Kazi hiyo sikuiomba. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Chake Chake, mtu wa bara, Mkristo wa kubatizwa utotoni na kusinzia ukubwani. Pembeni nilikuwa nikiandika makala za gazeti, nyingi zikiwacheka watu wanaoamini kila wanachosikia. Makala hizo bado ninazo. Sizisomi.

Mama alikuwa na kisukari. Kidonda kilianzia kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kwa sababu ya viatu vipya nilivyomnunulia mimi mwenyewe, kwa mapenzi mengi na saizi isiyo yake. Huko kwetu wakakiosha, wakakifunga, wakakiombea. Ndugu zangu walipoona hakikauki wakampandisha meli, na mimi nikampokea bandarini Mkoani na fimbo yake na mfuko wake wa vidonge ambavyo, nilikuja kugundua, alikuwa ameacha kuvimeza tangu mwezi uliopita.

Nilikuwa nimepanga nyumba Tibirinzi. Ukuta kwa ukuta nami alikaa bibi mmoja wa umri wa mama, mjane, wa ukoo wa Kimanga, Waarabu wa asili ya Omani, uliowahi kuwa na mashamba makubwa ya karafuu upande wa Mtambile. Mashamba yalikwenda zamani. Kilichobaki ni mikarafuu michache na mazoea ya kutoa amri. Siku ya pili tu aliingia bila kubisha, akamtazama mama mguu, akamtazama usoni, akasema, "Mwenzangu, sukari hiyo. Mie ninayo. Karibu chamani."

Wakawa marafiki hapo hapo. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka shule nawakuta ukumbini kwangu wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja akimsahihisha mwenzake namna ya kupika samaki.

Ilipita karibu miezi miwili kabla mama hajakubali kupimwa na daktari. Alikuwa kijana mpole, na alizungumza polepole ili asilazimike kurudia. "Kidole hiki kimekufa," alisema. "Tukikitoa mapema, mguu unabaki. Mkikawia tutakuwa tunazungumza habari za goti."

Mama akavuta kanga yake ikafunika mguu. "Nimesikia, mwanangu. Nitasubiri Alhamisi."

Daktari alinitazama akidhani Alhamisi kuna ndugu anakuja. Sikumweleza. Ni vigumu kumweleza daktari kwamba Alhamisi ni redio.

Kila Alhamisi saa nane mchana kulikuwa na mhubiri mmoja wa bara aliyekuwa akiombea wagonjwa redioni. Kwetu Pemba alisikika kwa shida, anakuja na kupotea, lakini alisikika. Msikilizaji aliweka glasi ya maji mbele ya redio na mkono wake juu ya redio. Mhubiri aliomba, kisha wote wakanywa kwa pamoja, kila mtu alipo. Sitaki kumsingizia. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na katika maneno mengi mna kila kitu. Alhamisi moja alisema anayeamini atupe vidonge. Nyingine alimwambia mama mmoja aliyepiga simu akimbie hospitali. Mama yangu alikuwa na sikio la Alhamisi ile ya kwanza tu.

Nilijaribu elimu. "Mama, redio inabeba sauti. Haibebi kitu kingine."

"Na sauti inabeba nini, baba?"

"Maneno."

"Na maneno yanabeba nini?"

Nimefundisha mawimbi kwa miaka kumi na saba. Nilijua urefu wake, kasi yake na namna yanavyopinda kwenye kona. Nikainuka nikamjazia mama glasi yake maji.

Jirani alipoiona glasi mara ya kwanza, wiki ile mama alipofika, alifurahi. "Kumbe na nyie mna kombe!" Kombe analijua kila mtu kisiwani: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Akainama akaichungulia glasi dhidi ya mwanga. "Wino wake u wapi?"

"Hakuna wino," mama alisema. "Ni sauti inaingia."

"Inaingia ikakaa?"

"Inakaa."

Bibi alilifikiria jambo hilo kwa haki yote. Kisha akaenda kwake, akarudi na kawa dogo la ukili, akaifunika glasi. "Basi isikae wazi hivi. Inzi hawajui kilichomo." Na alipokuwa akiondoka akaongeza, "Lakini mie mwenzangu kombe nanywa na vidonge nanywa. Mngu hana wivu na vidonge."

"Wewe hujapata ufunuo," mama akamwambia.

"Mie nimepata sukari miaka kumi na miwili. Yanitosha."

Tangu hapo bibi akawa anakuja kila Alhamisi baada ya Adhuhuri, anakaa mpaka karibu na Alasiri. Kwao dua ikiombwa mbele yako unaitikia, haikai kuombwa hivi hivi kama tangazo la mnada. Kwa hiyo mhubiri alipoomba wagonjwa wapone, bibi alisema "Amiin", kwa ule mvuto wa Kipemba unaopanda mwishoni. Wajane wafarijiwe, "Amiin." Mama wa watoto wenye homa, "Amiin." Lilipokaribia kutajwa jina la Yesu alinyamaza, akaanza kutengeneza mtandio wake. Mama alijua, bibi alijua kwamba mama anajua, na hakuna aliyelisema. Sijaona mkutano wowote wa viongozi wa dini uliopanga mambo vizuri kuliko mtandio ule.

Mama alitaka kuyasikia maombi wiki nzima, si Alhamisi tu. Hivyo nikawa naiweka simu yangu kando ya redio na kurekodi. Zilifika Alhamisi nane au tisa. Asubuhi nikienda shule nilimwachia simu ya zamani yenye rekodi zile, naye akazisikiliza akichambua mchele.

Alhamisi ya kwanza baada ya daktari ilipita. Mhubiri alizungumzia mavuno. Mama alikunywa maji yake, akasema, "Hajasema." Nilipomfungua bendeji jioni hiyo kulikuwa na harufu ambayo haikuwapo jana yake.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu. Kanisa letu dogo lilikuwa la watu wa bara karibu wote, polisi, wanajeshi, wauguzi, walimu, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kwa hiyo lilikuwa limejaa. Tangu vyama vingi virudi ilikuwa ndivyo hivyo: uchaguzi ukikaribia waliletwa askari wa ziada, na Jumapili sauti za kiume zikanenepa, besi zikapatikana za kutosha. Uchaguzi ukipita tulirudi kuwa safu tatu za viti. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, huku akipanga ibada ya watu mara nne ya aliowazoea. "Mwalimu," alisema, "imani ya mama yako si mimi wa kuivunja." Nikamwuliza kama mguu wa mama ndio wake yeye wa kuuvunja. Akasema tuombe. Tukaomba.

Siku iliyofuata, shule ilipofungwa, niliingia chumba cha kompyuta na rekodi zangu zote na visikio.

Nitasema nilichofanya bila kukipamba. Katika rekodi ya tatu, yule mama aliyepiga simu alikuwa na uvimbe shingoni, na mhubiri alimwambia: "Mama, nenda hospitali. Nenda leo. Daktari naye ametumwa." Mama yangu aliwahi kuyasikia maneno hayo, lakini hayakuwa yake, yalikuwa ya mwenye uvimbe. Nikauondoa uvimbe. Nikakata salamu na wimbo wa mwanzo kutoka rekodi moja, nikaweka maneno yale katikati, nikafunga na maombi ya maji kutoka rekodi nyingine. Ilinichukua siku mbili. Nilisikiliza viungio mara nyingi mpaka hata mimi nikashindwa kupaona mahali pa mkasi. Nakiri nilijisikia fundi. Kuna wakati nilirudia "nenda leo" mara mbili, kisha nikaona imezidi, nikaipunguza. Ndivyo ilivyo: nilikuwa nikimpunguzia mtumishi wa Mungu chumvi.

Alhamisi nilimwambia mama betri za redio zimekufa. Betri zilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia nitamkamatia kituo kwa simu na tutasikia kwa spika ndogo. Akaiweka glasi, akaliondoa kawa, akaweka mkono juu ya spika, akafumba macho. Bibi aliingia akiwa amechelewa, ametoka kuswali, tasbihi ingali mkononi, midomo ikimchezacheza. Alikaa bila kutoa sauti ili asituvuruge.

Wimbo ukaisha. Salamu zikaisha. "Mama, nenda hospitali. Nenda leo. Daktari naye ametumwa." Mama akausogeza uso karibu na spika. Nikaanza kuvuta pumzi. Yakaja maombi ya maji, wagonjwa waliolala na wagonjwa waliosimama, na kutoka ndani ya spika, wazi, karibu, kwa ule mvuto wa Kipemba unaopanda mwishoni, bibi wa jirani akasema, "Amiin."

Bibi mwenyewe alikuwa amefumba mdomo.

Nilikuwa nimeisikiliza rekodi ile mara arobaini. Amin yake nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea feni, sikio limekwisha kuitupa nje. Nilisafisha kila kitu nikamwacha yeye humo.

Punje ya tasbihi ilisimama kwenye kidole chake. Aliitazama spika. Kisha akanitazama mimi, na nilijua amekwisha fika mwisho wa jambo lote, pamoja na betri.

"Ahsante, mwenzangu," mama alisema, macho angali ameyafumba. Alidhani ameitikiwa na aliyekaa naye.

Spika ikaendelea na maombi, na bibi akaitikia tena humo ndani, na mimi sikuweza kunyanyua mkono kuizima. Mpaka jina la Yesu likatajwa, bibi wa ndani akanyamaza. Bibi wa nje hakushika mtandio wake. Alikuwa bado ananitazama mimi.

Mama alikunywa maji yote. Alipoweka glasi chini bibi akamwuliza, "Umesikia umeambiwa nini?"

"Nimesikia. Niende leo."

"Basi usimweke Mngu kitako. Vaa. Mwanangu ana gari, namwita."

Kidole kilitolewa siku iliyofuata. Daktari alisema tumewahi, lakini kwa uchache, na akanionyesha uchache huo kwa vidole vyake viwili vilivyokaribia kugusana. Niliegemea ukuta wa wodi nikijiona mjanja aliyebarikiwa. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani na kikapu cha uji. Akanipigia kiganja kwenye benchi, pale kando yake.

"Mwalimu, kaa."

Nikakaa.

"Sauti yangu imo ndani ya simu yako."

"Nisamehe, Bi mkubwa. Nilimdanganya mama kwa ajili ya mguu."

"La mama yako ni lako na mama yako. Mie nakwambia langu." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Ile amin niliitikia dua ya siku ile. Siku ile yule bwana aliomba, nami nikaitikia, yakenda yalikokwenda. Wewe umeitoa ukaiweka pahala ambapo hapana aliyeomba. Sasa nambie, weye uliyesoma. Ile amin yangu iko wapi hivi sasa?"

Nilianza kusema kwamba sauti ikirekodiwa inakuwa alama tu, namba, kwamba hakuna chochote kilichohama. Nilisikia ninavyosikika nikaacha.

"Nami mama yako kanishukuru pale pale," alisema, "nikanyamaza. Nilipomwambia mama yako 'umesikia umeambiwa nini', nilisema kweli, si uongo. Lakini nilijua naisema kwa kazi gani. Niondoe humo, Mwalimu. Niondoe leo, nione."

Nikaitoa simu, nikafuta rekodi ile mbele yake. Akataka kujua kama imefutika kweli au imejificha. Nikamwambia ya kwenye kompyuta ya shule nitaifuta kesho. "Kwa hiyo na shuleni nimo," alisema, akatikisa kichwa. Kesho yake niliifuta, nikafuta na zile nyingine zote zilizokuwa na amin yake, yaani karibu zote.

Jumapili ya tatu mama alisimama kanisani na fimbo yake, mbele ya askari, akatoa ushuhuda. Alisema mtumishi alimwona akiwa huko bara. "Aliniambia, mama, wewe uliye ng'ambo ya maji, nenda hospitali, nenda leo." Askari wakapiga makofi, besi zikaanza wimbo. Mimi sikusimama kuimba. Ng'ambo ya maji sikuiweka. Nilikata rekodi ile neno kwa neno na hakuna mahali palipokuwa na ng'ambo wala maji zaidi ya yale ya glasi. Au palikuwapo? Niliisikiliza mara arobaini na nisisikie amin ya mwanamke mzima. Nisingeweza tena kuhakikisha, nilikuwa nimeifuta kwa ahadi. Nilimwuliza bibi kama alilisikia neno hilo. Alisema, "Mie siku ile nilikuwa najisikiliza mwenyewe."

Ingeishia hapo ningekuwa nimepona mimi pia. Lakini kesho yake mama alirudi kutoka kwa daktari na vidonge vipya vya kumeza asubuhi na jioni, maisha yake yote, na daktari alisema asipovimeza tutakutana tena kwa kidole kinachofuata. Mama akaviweka juu ya kabati.

"Mama, vidonge."

"Alinituma hospitali, nimekwenda. Vidonge hajasema. Tumsikilize Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilijikuta kwenye chumba cha kompyuta, mbele ya skrini. Rekodi mbili zilibaki, zile za siku bibi alipokuwa amekwenda kwa mwanawe. Katika moja yao mhubiri alisema "meza," akizungumzia meza ya Bwana. Nilikaa na neno hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliona kwamba baada ya vidonge vingekuja viatu, kisha chakula, kisha kliniki, na mimi ningekuwa nakata na kuunga mpaka mmoja wetu afe, na mama angekuwa amemwamini mwanawe kwa bidii yote bila kujua. Nikaizima kompyuta.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi, bibi akiwapo kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwambia peke yangu. Nilimweleza mkasi, viungio, mwenye uvimbe. Nilitoa na betri nikaziweka kwenye mkeka.

Mama alizitazama betri. "Kwa hiyo siku ile hakusema."

"Alisema, mama, ila siku nyingine. Kwa mtu mwingine."

"Na mimi ni nani aliyeniambia ng'ambo ya maji?"

"Sijui."

"Hujui." Alimgeukia bibi. "Wewe ulijua?"

"Nilijua baadaye kidogo kuliko yeye na mapema kidogo kuliko wewe," bibi alisema. "Nipige mie kwanza, kisha mpige yeye."

Mama hakumpiga mtu. Aliniambia nitoke nje, nami nikatoka, mtu wa miaka arobaini na sita, nikasimama uani na kuku. Kutoka ukumbini nilisikia wakizungumza, halafu mlango wa kabati. Niliporudi bibi alikuwa amefungua kiganja chake na kidonge kimo ndani, na mama alikuwa anakichukua. Alikimeza kwa maji ya kawaida, yaliyochotwa mtungini, hayakuombewa na mtu. Mimi hakunitazama.

Ikawa hivyo. Vidonge alivimeza kutoka kiganja cha bibi, asubuhi na jioni, wala hakukubali kutoka changu. Kama ni msamaha, uliniruka ukaenda nyumba ya pili. Hakunieleza bibi alimwambia nini, na bibi nilipomwuliza alisema ni mambo ya chama cha sukari.

Alhamisi ilipofika mama aliniita. Redio ilikuwa mahali pake, betri zimo. Bibi alikuwa amekwisha kaa.

"Washa," mama alisema. "Kisha kaa hapa mbele yangu. Mikono yako iweke juu ya magoti niione."

Nikawasha, nikakaa, nikaweka mikono juu ya magoti. Mhubiri alikuja na kupotea, akaja tena, akazungumzia kitu ambacho hakikuhusu miguu wala vidonge. Nilipotaka kusogeza antena mama alisema, "Mikono." Nikairudisha. Ilibidi nikae na mitikisiko yake na maneno yake nusu nusu mpaka mwisho, bila kurekebisha chochote, viganja vimeangalia juu kwa sababu hivyo ndivyo alivyotaka kuviona.

Sikumbuki alichoomba. Nakumbuka kwamba bibi aliitikia, na kwamba kulikuwa na sauti nyingine ikaitikia naye kwa chini chini, na mama akafumbua macho kunitazama midomo.